Kuvua kwa Mshipi Mwembamba katika Ziwa la Mille Lacs



Kamati ya kitabu chetu iliponitaka niandike kurasa chache mwaka huu, ilitaraji, nadhani, kwamba nitaandika juu ya skuli, au juu ya kuwafundisha watoto wetu Kiswahili huku ughaibuni, kwani hiyo ndiyo kazi niliyoifanya umri wangu wote, kwetu na huku. Nami nimekusudia kuandika habari ya kuvua samaki. Wengi wenu mmekwisha kula samaki wangu, na baadhi yenu mmenicheka kwamba mzee mzima hukaa kutwa juu ya maji ya baridi kwa ajili ya samaki wawili. Basi leo nitajibu. Na atakayesoma mpaka mwisho ataona kwamba habari ya skuli nayo imo.

Ziwa ninalovua ni Mille Lacs, kaskazini ya Minneapolis, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 536, yaani karibu na theluthi moja ya kisiwa cha Unguja. Siku ya ukungu ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, na mtu wa kwetu hudhani amefika baharini mpaka aonje maji. Lakini kina chake ni kidogo. Penye kina kirefu kabisa hapazidi mita 13 hivi. Maji mapana yasiyo na kina huchafuka upesi. Upepo ukivuma kidogo tu mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama, nayo humchosha mtu kuliko mawimbi marefu ya bahari kuu.

Wenyeji wa asili wa nchi ile ni Waojibwe. Katika mkataba wao na serikali ya Marekani wa mwaka 1837 walibakisha haki yao ya kuvua, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha haki hiyo mwaka 1999. Kwa hivyo samaki wa ziwa hili huhesabiwa, wenyeji wana fungu lao na sisi wengine letu, na kila mwaka idara ya maliasili hutangaza mtu anaruhusiwa kuchukua samaki wangapi na wa urefu gani. Mwaka 2017 uvuvi wetu ulifungwa kwa wiki kadhaa wakati wa kiangazi. Nayataja haya ili atakayekwenda asome kwanza sheria ya mwaka wake, akate na leseni. Mtoto wa chini ya miaka 16, akiwa mkaazi wa Minnesota, hahitaji leseni.

Ama samaki mwenyewe huitwa walleye, na nyumbani kwetu sote tumezoea kusema wolai. Tangu mwaka 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota. Rangi yake ni ya dhahabu iliyoingia uzeituni, ncha ya chini ya mkia wake ni nyeupe, na mdomo wake una meno makali. Ajabu yake ni macho. Ukimmulika kwa tochi usiku, macho yake hung'aa kama ya paka, kwa sababu nyuma ya jicho mna utando unaorudisha mwanga. Kwa jicho hilo huona vizuri katika mwanga hafifu, wakati samaki wadogo anaowawinda hawaoni vyema. Ndiyo maana saa zake za kula ni magharibi na alfajiri, au mchana wa mawingu wakati upepo unapoukunja uso wa maji.

Wakati mzuri kwangu mimi ni mwezi wa Oktoba. Kwetu huo ni mwisho wa demani, watu wanaanza kuingoja kaskazi. Huku miti huwa mekundu na manjano, kisha majani yote hupukutika kwa wiki mbili tatu. Wageni wa kiangazi wamekwenda zao na maboti yao ya kelele. Ndege wazamiaji hukusanyika ziwani makundi kwa makundi kabla ya kuruka kwenda kusini. Maji yakisha kupoa, wolai husogea kwenye miamba iliyo karibu na pwani, akiwafuata samaki wadogo, naye hula kwa bidii maana anajua barafu iko njiani.

Sasa nitasema nilivyofundishwa kuvua, kwani hapo ndipo penye mzizi wa maneno yangu.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Kizimkazi. Baba akivua kwa mshipi wa mkono, mshipi mnene wenye chubwi la risasi, na samaki aliyempenda zaidi ni chewa. Wanaomjua chewa wanajua kwamba akisha kushika chambo hukimbilia pangoni kwake, na akiingia pangoni umemkosa, na mshipi umeupoteza. Basi somo la baba lilikuwa moja: akishika, vuta, usimpe pumzi. Na nilipotiwa chuoni, baba alimwambia maalimu wetu maneno ambayo wazee wote wakiyasema: "Nyama yako, mifupa yangu." Maalimu hakuwa mtu mbaya, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alitufundisha Msahafu tukaujua. Lakini bakora yake tuliijua kwanza. Nami nilipokuwa mwalimu nilichukua masomo yote mawili, la baharini na la chuoni, nikaona ni somo moja.

Nilifika Minnesota mwaka 1994 na mke wangu na watoto. Nikapata kusomesha hesabu katika skuli ya sekondari, na mwalimu mwenzangu wa useremala, Mmarekani mtu mzima mwenye maneno machache, akanialika siku moja ziwani. Nilikwenda dukani mapema nikanunua fimbo nene kuliko zote na mshipi wa ratili 20, kwa kuwa nilimfikiria chewa. Yeye alikuja na kifimbo ambacho mimi ningempa mtoto achezee. Kutwa ile alivua wolai watano. Mimi sikupata hata mmoja, na yule mmoja aliyenishika nilimvuta kwa nguvu zangu zote, ndoana ikamchana mdomo ikatoka tupu. Mwenzangu hakusema kitu. Jioni alinipa kifimbo chake mkononi, akaniambia nifunge macho nisikilize kwa kidole.

Basi nikajifunza. Fimbo yangu sasa ina urefu wa futi sita na nusu, ni nyepesi, na ncha yake laini kama ukuti. Mshipi ni wa ratili 6 tu. Kwenye ncha ya mshipi nafunga ndoana yenye kichwa kidogo cha risasi cha gramu tatu na nusu, na juu ya ndoana namtunga kidagaa hai kwa mdomo. Nashusha mpaka risasi iguse chini, nanyanyua kiasi cha shubiri moja, nashusha tena polepole. Wolai hadonoi kama changu. Huja nyuma ya kidagaa akamfyonza pamoja na maji, na wewe juu huku unahisi kitu kidogo sana, kama mtu aliyegonga mlango kwa ukucha, au unahisi mshipi umekuwa mzito bila sababu. Mwenye mshipi mnene hasikii habari hiyo hata kidogo. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya wembamba, kwamba unasikia.

Faida ya pili iko katika breki ya rili. Rili hizi zina breki ambayo samaki akivuta kupita kiasi fulani, huachia mshipi utoke wenyewe. Kanuni niliyofundishwa ni kuikaza mpaka kiasi cha robo ya nguvu ya mshipi, usizidishe sana. Mshipi wa ratili 6, breki iachie kwenye ratili moja na nusu. Mimi ni mtu wa hesabu, kwa hiyo nafunga mshipi kwenye mizani ya mkono, navuta mpaka rili ianze kutoa mshipi, nasoma mizani. Mtu atauliza, mbona nguvu zote zile zinaachwa bure? Jibu ni kwamba fundo hupunguza nguvu ya mshipi, mawe hukwaruza, na samaki akishtuka ghafla huvuta kwa nguvu iliyozidi uzito wake. Mwenye kukaza mpaka mwisho hufurahi kwa dakika moja. Mwenye kuacha nafasi humwacha samaki akimbie, akasimama akavuta polepole, akimbie tena, mpaka achoke aje mwenyewe. Ziwani pale samaki hana pango la kukimbilia kama chewa. Anakokwenda ni maji matupu, na kutoka huko atarudi.

Haya niliyajua kwa mikono yangu miaka mingi kabla sijayajua kwa moyo wangu.

Ndugu zangu, wengi wenu mnalijua darasa letu la Jumamosi, na wengine wenu mlisoma humo. Nililifungua katika chumba cha chini cha nyumba yangu mwaka 1996, Msahafu asubuhi na Kiswahili baada ya adhuhuri. Ubaoni niliandika kwa chaki methali ambayo sikuifuta kwa miaka: Samaki mkunje angali mbichi. Mwanangu mkubwa alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, na kwa kuwa ni wangu nilimkaza kuliko wote, watu wasiseme mwalimu anampendelea mwanawe. Mwaka 2000, akiwa na miaka 15, alikosea mahali pamoja mara tatu katika kusoma, nami nikampiga rula ya mkononi mbele ya wenziwe. Hakulia. Alifunga juzuu yake, akaiweka mahali pake kwa adabu, akapanda ngazi. Hakurudi tena darasani, na tangu siku ile kila nililomwambia kwa Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza. Mama yake aliniambia usiku ule, "Umevuta mno, mume wangu." Nikamjibu kwa methali iliyo ubaoni.

Alikua, akasoma, akaoa, Alhamdulillahi, kijana mwema mwenye kazi yake. Sikukuu huja, akakaa saa mbili, akaondoka. Hakunivunjia heshima hata siku moja. Lakini baina yetu palikuwa na maji mapana, na mimi nilimngoja yeye avuke.

Nilipostaafu mwaka 2022 nilikuwa na boti ya alumini ya futi 16 niliyoinunua kwa mjane wa yule mwalimu wa useremala. Mke wa mwanangu ndiye aliyeniuliza kama nitamchukua mjukuu ziwani siku za mapumziko ya skuli, mtoto akiwa na miaka minane. Nilimvika koti la kuokolea, kwani maji ya Oktoba humkata mtu pumzi mara anapoanguka, na koti hilo mimi mwenyewe silivui mpaka nimefika nchi kavu. Nikamfundisha kushika fimbo. Na kwa kuwa habari ya kidoleni haionekani, ikawa lazima aniambie, nami nikampa maneno: anaonja, anafyonza, amekamata, mwachie, mlegezee, anarudi. Sikusema "leo tunasoma Kiswahili". Maneno yalikuwa ya kazi, kama kasia. Mwaka wa pili alikuwa anayatumia bila kuulizwa, na mwaka wa tatu alikuwa ananisimulia njia nzima ndani ya gari, kwa makosa mengi ambayo, na mama yake mjukuu ni shahidi wangu, sikuyasahihisha ila machache.

Sasa nifike penye kisa. Ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba mwaka jana. Mwanangu alikuja ziwani kumchukua mtoto, akakuta upepo umevuma na mimi goti limenikataa, siwezi kuishikilia boti na kumwangalia mtoto kwa pamoja. Akasema kwa Kiingereza kwamba atakaa na mashine ya boti. Akapanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa nami juu ya maji.

Upepo ulitulia jua lilipokaribia kuchwa. Mjukuu, mikono imemfa ganzi, alimpa baba yake fimbo amshikie ili atie mikono mfukoni. Ndipo samaki aliposhika. Fimbo ilipinda mpaka ncha ikagusa maji. Mwanangu akafanya kile ambacho mimi ningefanya, kile nilichomfundisha bila ya bahari na bila ya samaki: akavuta kwa nguvu, na mkono wake ukaenda kwenye breki kuikaza. Nami nilifungua mdomo nimpigie kelele, sauti ile ile ya darasani. Mtoto alinitangulia.

"Baba, usikaze! Mwachie aende, atarudi mwenyewe."

Mwanangu alinitazama mimi, hakumtazama mtoto. Kisha akauondoa mkono kwenye breki. Rili ikaimba, mshipi ukatoka mita kwa mita, nasi watatu tukanyamaza. Samaki akaenda, akasimama, akavutwa polepole, akaenda tena. Mara tatu. Mwisho alikuja ubavuni mwa boti kimya kimya, na macho yake yaling'aa kwa tochi ya mtoto. Nilimtia katika wavu wa mkono, tukampima sentimita 66, jike mwenye umri mkubwa. Mwanangu akasema tumwachie. Alimshika ndani ya maji kwa mikono yote miwili, akamngoja mpaka apate nguvu, samaki akapiga mkia akazama.

Akiwa bado ameinama ameweka mikono majini, aliniuliza ni nani aliyemfundisha mtoto maneno yale. Nikamwambia ni mimi. Akakaa kidogo, akasema, "Mimi hukunifundisha hivyo." Alisema kwa Kiingereza na kwa upole, na mimi ningependa zaidi angenikaripia.

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na la baba, na la maalimu, na la ugeni, na la hofu ya mtu aliyeona watoto wa wenziwe wakipotea. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Nikamwambia, "Sikukufundisha hivyo, mwanangu. Sikuwa najua. Niwie radhi."

Baba wa kwetu hamwombi radhi mwanawe, nyote mnajua. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama mawe. Yeye hakujibu. Aliifuta mikono, akakunja mshipi, akaitundika ndoana mahali pake, akawasha mashine. Tulipokuwa tunaelekea pwani akasema, bila kunitazama, kwa Kiswahili, "Tufanye haraka, Baba, Magharibi itatupita."

Tuliswali juu ya majani, tumeelekea kaskazini-mashariki kama kibla kilivyo huku, mimi mbele, mwanangu na mwanawe nyuma yangu.

Sisemi kwamba mambo yote yamekwisha. Barua zake za simu bado ni za Kiingereza, na darasani hajaja. Lakini mwezi wa nne mwaka huu aliniuliza fimbo nzuri ni ya futi ngapi, akanunua ya kwake, na breki aliipima kwa mizani yangu. Oktoba tulikwenda watatu.

Darasa la Jumamosi lipo, na rula ni ya kupigia mistari. Methali bado naifundisha, kwani ni hekima ya wazee, na mtoto kufundishwa mapema ni haki yake. Ila siku hizi nawaambia wanafunzi jambo ambalo ilinichukua miaka mingi kuliona, kwamba samaki wa methali ile, anayekunjwa angali mbichi, ni samaki aliyekwisha kufa. Aliye hai ana shauri jingine.

Basi atakayetaka kujifunza, na aje Oktoba ijayo. Boti inachukua watu wanne. Aje na nguo za joto na koti la kuokolea, fimbo zipo. Na wolai akipatikana, mnofu wake ni mweupe na miiba yake michache. Mke wangu huupaka chumvi, ndimu na kitunguu thomu, akaukaanga, akaumiminia tui la nazi ya kopo, na mtu akifumba macho husahau yuko wapi. Mwenye mwana aliyekaa kimya naye, na aje naye. Juu ya maji hapana pa kwenda, na maneno huwa machache.

Wabillahi tawfiq.